UZI: Kampeni ya uamsho imekwisha Goma. Sasa tutajuaje kama uamsho umefika?

Shemasi_Ndosho (Goma)

Bwana asifiwe, ndugu na dada wa humu.

Naleta uzi huu kwa sababu ya swali la kijana mmoja wa korali kwenye mafundisho ya Jumatano. Tulikuwa tumetoka kwenye kampeni: mabango kila kona, sono (vipaza sauti) kubwa, watu wamejaa uwanja hadi barabarani, motari wanazima pikipiki wasikilize. Kijana akauliza, "Shemasi, tutajuaje kama uamsho umekuja, au ni kampeni tu iliyokwisha?" Wazee walinyamaza. Mchungaji akasema kila mtu aende na swali nyumbani akaliombee. Nimeliombea, nimelisomea, na ninalo la kusema. Nipimeni kwa Maandiko.

Ninavyoona mimi, uamsho ni Mungu kuwarudia watu wake mwenyewe, wale walio kanisani tayari, mpaka dhambi iliyofichwa itoke nje na kilichochukuliwa kirudi kwa mwenyewe. Machozi yanaweza kuwapo, kunena kwa lugha, kuanguka, kutetemeka. Simkatazi mtu. Lakini juu ya Zakayo hatukuandikiwa kwamba alilia. Tumeandikiwa kwamba alisimama, akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu, na hapo ndipo Yesu alipotamka kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Na Yohana Mbatizaji, watoza ushuru walipomwuliza wafanye nini, hakuwapa siku za kufunga. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoagizwa. Askari akawaambia wasidhulumu mtu, watosheke na mshahara wao. Someni Luka 3 mkiwa mmekaa Goma, mtaona kama haikuandikwa kwa ajili yetu.

Tena mtazame Nehemia. Sura ya 8 tunaipenda sote: watu mbele ya Lango la Maji, Ezra anasoma torati toka alfajiri hadi adhuhuri, watu wanalia. Kila kampeni inahubiriwa. Sura ya 5 tunairuka. Mle, kabla ya mkutano ule mkubwa, maskini wanalalamika kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, na watoto wao wanatiwa utumwani na ndugu zao wenyewe. Nehemia akakasirika, akawakusanya wakuu, akawataka warudishe mashamba, mizabibu, nyumba, pamoja na riba waliyotoza. Wakarudisha, akawaapisha mbele ya makuhani. Ezra alipanda mimbari baadaye. Kurudisha kulitangulia kulia.

Sasa nije karibu na kwetu. Wengi tumeimba Tukutendereza Yesu, wimbo wa uamsho kwa Kiganda, bila kujua ulikotembea. Gahini ni kilima cha Rwanda kando ya Ziwa Muhazi, misheni ya Kianglikana ilikuwa na hospitali pale. Daktari wake, Mwingereza Joe Church, alikuwa amechoshwa na njaa kubwa na kazi isiyozaa. Mwezi wa Septemba 1929 alikwenda Kampala, akakutana Namirembe na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Baadaye msaidizi wa hospitali, Yosiya Kinuka, naye akaenda kwa Nsibambi. Alikwenda na malalamiko yake: hospitali mbaya, kazi haiendi, afadhali aache. Nsibambi akamjibu kwamba ubaya wa hospitali unaanzia kwenye dhambi iliyo moyoni mwake yeye Kinuka. Alirudi mtu mwingine. Mwishoni mwa 1933, katika mkutano wa maombi hapohapo Gahini, Mkristo mmoja alisimama akaanza kuungama, akafuata mwingine, wakaendelea kwa zaidi ya saa mbili. Kutoka pale moto ulikwenda Uganda, Burundi, Kenya, Tanganyika. Watu walirudisha ng'ombe wa wizi, walirudisha fedha na mali za waajiri wao.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu Gahini. Alikufa Januari 1936 akiwa bado kijana, na neno aliloliachia kanisa la Uganda ni Zukuka, amkeni. Alikuwa akiuliza juu ya walio ndani: kwa nini kanisa limepoa hivi, na kwa nini wanaoishi waziwazi katika dhambi wanapewa meza ya Bwana.

Nimalizie na nililoliona kwa macho. Katika kikundi chetu cha maombi cha mtaani kuna mama anayeuza maharagwe soko la Virunga. Mnayajua makopo ya kupimia: mengine chini yamegongwa kuingia ndani, ukitazama juu limejaa hadi kilele, kumbe tumboni limepungua. Tulikuwa tumesoma Mithali 11, juu ya mizani ya hadaa. Wiki iliyofuata mama alikuja na kopo lake chini ya kitenge. Akaomba nyundo, haikupatikana. Akatoka uani, akalilaza ubavu juu ya jiwe la volkano, akaingiza mchi ndani, akagonga chini ya kopo mpaka likatoka nje lote. Hakuna aliyefungua mdomo hata alipomaliza. Kisha akatutajia wateja anaowakumbuka, mmoja mmoja, akaomba tumsindikize kwa wawili aliokuwa anawaogopa.

Kwangu mimi uamsho ulikuwa pale uani. Semeni na ninyi.

Mwombezi_Himbi (Goma)

Amina, shemasi. Umesema kweli, ila nina neno.

Mimi ni mama wa maombezi, na ninasikia uchungu watu wanapoongea juu ya mikesha kana kwamba ni kelele tu. Wewe hukusema hivyo, lakini watakaosoma uzi huu watasema. Pentekoste ilitanguliwa na watu kama mia na ishirini waliodumu kwa moyo mmoja katika kuomba. Hata Church na Nsibambi umesema mwenyewe walianza kwa Biblia na magoti. Mama yule wa kopo, unajua ni nani aliyekuwa akimwombea kabla hajaleta kopo lake?

Na tuangalie tunaombea mahali gani. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipotema moto, tuliomba tukikimbia, watoto mgongoni, mbingu nyekundu. Watu wa kambi za Mugunga wamehamishwa mara ngapi? Mtu aliyezika mtoto hana cha kurudisha, yeye ndiye anayedai. Akija kwenye mkesha akalia hadi asubuhi, usimpime kwa Zakayo. Mpime kwa Hana, aliyemimina nafsi yake mbele za Bwana hata kuhani akadhani amelewa. Uamsho kwake ni kuweza kuomba tena.

Hilo tu, baba.

Shemasi_Ndosho

Mama, nimelipokea lote. Aliyeporwa na aliyepora hawaji madhabahuni na mzigo mmoja, na kampeni zetu zinawahubiria neno moja. Umenifundisha.

Ninalolishikilia ni kwamba maombi ya kweli hayamwachi mtu na mali ya mwenzake chini ya kitanda. Isaya 58 inasema juu ya watu wanaofunga kweli kweli, na siku hiyohiyo ya kufunga wanawalemea wafanyakazi wao.

Bibi_wa_Uele (Goma)

Wanangu, salamu. Wazazi wangu ni watu wa upande wa Isiro, mimi nilishuka Goma kwa ndoa. Nimefurahi kusikia Gahini, lakini Kongo nayo ilitembelewa, na vijana hamuambiwi.

Ibambi ndiko alikoishi na kufa yule mmisionari C.T. Studd, mwaka 1931. Kanisa lilikuwapo, shule, zahanati, watu waliobatizwa wengi. Baridi ikaingia. Mwaka 1953 Roho alishuka katika makanisa yale ya misheni. Wazee walikuwa wakituambia hivi: watu wanatetemeka bila kuguswa na mtu, na anayetetemeka hatulii mpaka aseme alichokificha. Wainjilisti waliungama, wamisionari nao waliungama mbele ya watu weusi, jambo ambalo wakati ule wa Wabelgiji halikuwa linaonekana. Mwishowe ilikuwa furaha, watu wanaimba njiani usiku.

Halafu mwaka 1964 ikaja vita ya waasi walioitwa Simba. Daktari Helen Roseveare wa Nebobongo, aliyekuwako tangu wakati wa uamsho ule, alishikwa mateka na kuteswa miezi mingi. Wakristo wa kwetu waliuawa, makanisa yakachomwa. Marehemu mama alikuwa anasema, kama hatungetengenezwa kwanza, tungetawanyika tusikusanyike tena. Ninyi mnaouliza dalili ya uamsho, mtazame pia kama kanisa limebaki limesimama baada ya vita.

Mwana_Katuba (Lubumbashi)

Jambo yenu bote. Aksanti Bibi, hii habari sikuijua.

Niko Lubumbashi, Katuba. Huku kwetu kuna jambo ambalo kila ninapopita mjini linanijia. Simon Kimbangu alihubiri na kuombea wagonjwa kule Nkamba, Kongo ya Chini, kuanzia Aprili 1921. Watu waliacha kazi za wazungu na kumiminika, wakatupa hirizi, wakaacha ngoma chafu na kuoa wake wengi. Septemba mwaka huohuo akakamatwa. Alihukumiwa kifo, mfalme wa Ubelgiji akabadilisha kuwa kifungo cha maisha, akaletwa Elisabethville, yaani hapahapa kwetu, akakaa gerezani hadi alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Miezi michache ya kuhubiri, miaka 30 ya gereza. Siingii katika mafundisho ya kanisa lililokuja baada yake, hilo lina uzi wake. Nataka kusema tu kwamba watawala walielewa haraka kuliko wachungaji. Waliogopa. Kampeni za sasa, ni mkubwa gani anaziogopa? Wanakaa viti vya mbele.

La pili ni la wachimbaji, kwa sababu mimi ni mtoto wa mchimbaji. Mwaka 1904 kule Wales, Uingereza, uamsho ulipita kwa kijana Evan Roberts, naye alikuwa ametoka kwenye migodi ya makaa. Inasimuliwa kwamba farasi wadogo waliokuwa wakivuta makaa chini ya ardhi walisimama, hawaelewi amri, kwa kuwa walizoea kuendeshwa kwa matusi na waendeshaji wameacha kutukana. Watu walilipa madeni ya zamani madukani. Mimi nikifikiria migodi yetu ya shaba na kobalti, Kolwezi, Likasi, na makanisa yalivyojaa katika miji hiyo, najiuliza mzani wa pale mchimbaji mdogo anapouza mfuko wake wa mawe unaendaje. Wenye mizani wengine ni watu wa Jumapili kama sisi.

Mkristu_Kadutu (Bukavu)

Tumsifu Yesu Kristu.

Mimi ni Mkatoliki, naomba mnipokee ingawa uzi umejaa Waprotestanti. Kwetu pia kuna uamsho wa Karismatiki, ulioanza 1967 Marekani katika chuo kikuu kimoja cha Pittsburgh, na hapa Bukavu vikundi vyake vinajaza makanisa. Kabla yake, kule Katanga, kulikuwa na Jamaa, iliyoanzia Kolwezi miaka ya 1950 kwa padri Placide Tempels na wafanyakazi wa migodi, mume na mke wakijifunza kukaa katika umoja. Kwa hiyo kiu hii ni ya wote.

Ila mimi nawaletea kijana wa Goma. Floribert Bwana Chui alifanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Aliletewa rushwa aruhusu chakula kilichoharibika kipite kiuzwe kwa watu, akakataa. Akaharibu chakula kile. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, ana miaka 26. Alikuwa mtu wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, akisaidia watoto wa mitaani. Tarehe 15 Juni 2025, Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri. Shemasi, umetaja watoza ushuru wa Luka 3. Huyu alikuwa pale pale kwenye meza ya ushuru, katika mji wenu.

Na hapa Bukavu, askofu wetu mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Aliwatetea wananchi na aliwatetea wakimbizi Wanyarwanda pia, wakati ambapo kufanya yote mawili kwa pamoja kulimfanya mtu akose rafiki upande wowote.

Kijana_Birere (Goma)

Wakubwa zangu, shikeni heshima yenu, mimi niulize bila kuzunguka.

Shemasi umetuletea Gahini kama mfano. Gahini ni Rwanda. Uamsho ulianza pale miaka ya 1930. Mwaka 1994 Rwanda hiyohiyo watu waliuawa na majirani zao, tena ndani ya makanisa, Nyamata, Ntarama, na walioua walikuwa wamebatizwa. Julai mwaka ule watu karibu milioni walivuka kuja hapa Goma, kipindupindu kikawamaliza kando ya barabara, na wazazi wetu waliona. Vita tulivyo navyo hadi leo vina mizizi mle.

Kama matunda ya uamsho ni hayo, kwa nini tuutafute?

Shemasi_Ndosho

Mwanangu, nimechelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kukujibu haraka.

Kwanza, ni kweli. Hakuna namna ya kulizunguka. Makanisa ya Rwanda yenyewe yamelazimika kulikabili.

Pili, kati ya 1933 na 1994 kuna miaka sitini. Walioungama Gahini wengi walikuwa wamekwisha kufa. Uamsho haurithiwi. Baba alirudisha ng'ombe, mtoto akarithi wimbo na kiti cha mbele kanisani. Waamuzi 2 inasema baada ya Yoshua kikainuka kizazi kisichomjua Bwana, wala kazi aliyoifanyia Israeli, na waliozaa kizazi hicho ndio walioivuka Yordani. Ukisikia mtu anajivunia uamsho wa babu zake, jua wake umekwisha.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Naamini kulikuwa na dhambi ambazo zilikuwa haziungamwi. Watu waliungama wizi, pombe, uzinzi, chuki na mke, hirizi. Hayo yana jina, na mwenye kuungama anajulikana. Lakini kulidharau kabila la jirani, kukubali kwamba serikali na shule na hata kanisa vigawe watu kwa kabila, hilo halikuonekana dhambi ya mtu yeyote. Lilikuwa hewa ya nyumba. Kinachoitwa desturi hakuna anayekitubu. Na miaka sitini baadaye hewa ile ikashika moto.

Hata hivyo usisahau wengine. Wapo waliokataa kujitenga, waliowaficha watu darini, waliouawa pamoja na waliowaficha. Nyange, Machi 1997, wanafunzi waliamriwa na wauaji wajigawe kwa kabila, wakakataa, wakapigwa risasi. Na nchini Kenya, wakati wa Mau Mau miaka ya 1950, ndugu wa uamsho wa Gahini ndio waliokataa kula kiapo cha damu, wakakataa pia bunduki za serikali ya kikoloni, na wengi walichinjwa kwa sababu hiyo. Mti uleule ulizaa na hayo.

Kwa hiyo nikikujibu moja kwa moja: tuutafute, lakini tusiulize dhambi za Gahini, tuulize za Goma. Fungueni makundi ya WhatsApp ya makanisa yetu. Someni jinsi tunavyowataja watu wa kabila fulani, lugha fulani, pua fulani. Wanaotuma ni waimbaji, ni mashemasi, na juu yake wameweka mstari wa Zaburi. Nimesoma humo maneno ambayo yakisemwa mara mia, siku ya mia na moja mtu anachukua panga. Uamsho ukifika mji huu, nadhani utasikika kwanza hapo. Mtu ataandika kwenye kundi lilelile, mbele ya walewale: nililoliandika jana ni dhambi, naomba radhi kwa ndugu zangu wa kabila hilo, na awataje kwa jina lao la heshima. Sijaona bado. Ninaomba nilione.

Kijana_Birere

Aksanti, papa. Umejibu kama mtu mzima. Lile kundi la korali yetu nalijua, leo usiku nitaandika.

Mama_wa_Kituku (Goma)

Mimi ni muuzaji, nataka kurudi kwenye kopo kwa sababu ninyi wanaume mmeenda mbali.

Yule mama namjua. Baada ya kurekebisha kopo lake, wenzake wa mstari ule walimgombeza wiki nzima, wakisema anaharibu soko. Kopo lake likiwa kubwa na bei ni ileile, sisi tutauza kwa nani? Mwisho aliketi nao akawaambia bei yake: atapandisha kidogo, kopo halibonyezwi tena. Wateja wengine walikimbia bei, wakarudi walipopima nyumbani. Wengine hawakurudi. Tangu benki zifungwe Januari 2025 makuta, yaani pesa, ni ya shida, mtu anahesabu kila franga, anakimbilia kopo la bei ndogo hata akijua limebonyezwa.

Ninachotaka wachungaji wasikie: mama aliyetubu mmemshangilia, halafu mkamwacha peke yake sokoni. Kanisa lina akina mama wangapi wanaouza pale? Kama wote wangetoa makopo yao siku moja, asingegombezwa na mtu.

MamaPasta_Bagira (Bukavu)

Yaya wa Kituku, Mungu akubariki kwa neno hilo, nalichukua kwa akina mama wetu.

Mimi naonya jambo moja kabla vijana hawajashika moto wa kuungama hadharani. Kuungama kuna mipaka. Niliwahi kuona dada mmoja, katika ibada iliyopamba moto, anasukumwa na mhubiri mgeni aseme yote. Akasema jina la mwanaume. Mke wa mwanaume yule alikuwa kwenye korali, amesimama na kitabu mkononi. Hakuna aliyefunzwa siku ile wala aliyeponywa. Ndoa mbili zilivunjika, dada alihama mji, mhubiri alikwisha kupanda boti kurudi kwao.

Tulichojifunza nyumbani kwangu na mzee ni hiki: dhambi iungamwe pale ilipofika. Iliyo kati yako na Mungu, mwambie Mungu. Uliyomkosea mtu, mwendee mtu huyo. Uliyolikosea kanisa lote, kama kula mali yake, simama mbele ya kanisa lote. Na msichana aliyebakwa asiambiwe kamwe aungame. Nalisema kwa herufi kubwa kwa sababu Bukavu hii nimelisikia: HANA LA KUUNGAMA.

Mwanafunzi_Kampemba (Lubumbashi)

Mchango mfupi wa darasani. Kuna mabishano ya zamani kati ya wahubiri wawili wa Marekani. Jonathan Edwards, miaka ya 1730 na 1740, aliona uamsho kama kazi ya Mungu inayowashangaza hata wanaoiombea, na mwaka 1746 alitoa kitabu kizima akieleza kwamba kulia sana, kuongea sana mambo ya dini au mwili kutikisika havithibitishi chochote, wala havikanushi. Charles Finney, mwaka 1835, alifundisha kwamba uamsho si muujiza, unafuata njia alizoziweka Mungu zikitumiwa vizuri, kama mkulima na mavuno. Kampeni zetu, na makanisa yetu mengi yanayojiita ya uamsho, yanamfuata Finney hata kama hayajamsikia: panga tarehe, leta mhubiri, uamsho utakuja. Mimi niko upande wa Edwards, ila Finney ana haki katika moja: alikataa watu wajifiche nyuma ya "tunamngoja Mungu" huku toba wanaijua.

Mzee_Katindo (Goma)

Shemasi, nimesoma yote toka juu. Mimi ni mzee wa kanisa, si la kwako. Naona unakoelekea: utataka hesabu za kampeni zisomwe mbele ya watu. Kumbuka 2 Wafalme 22, wakati wa Yosia. Mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu ya fedha waliyokabidhiwa, kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Uamsho wa Yosia haukuanza kwa kushuku watumishi.

Shemasi_Ndosho

Mzee wangu, nakuheshimu, na nashukuru umeleta andiko badala ya hasira.

Rudi nyuma sura kumi, 2 Wafalme 12. Mfalme Yoashi aliwaamuru makuhani wachukue fedha za sadaka watengeneze nyumba ya Bwana palipobomoka. Ikafika mwaka wa 23 wa ufalme wake, fedha zimeingia, nyumba bado imebomoka. Yoashi hakumtukana kuhani. Alimwita Yehoyada na wenzake, akawauliza, akawaondolea mzigo wa kupokea fedha. Kuhani Yehoyada mwenyewe akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu, upande wa kuume mtu anapoingia. Fedha zilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wakazihesabu, wakazifunga mifukoni, wakawapa mafundi. Na katika sura ileile neno lako lipo: mafundi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Uaminifu wa wakati wa Yosia ulikuta njia imekwisha kutengenezwa, na fedha zake pia zilipitia kwa mwandishi na kuhani.

Kampeni yetu ilichangisha fedha. Tulikodi sono na jukwaa, akina mama wa likelemba, kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, walikopesha kanisa unga na maharagwe ya kulisha wageni, na bado wanadai. Jumamosi baada ya mafundisho tunakaa: mchungaji, mweka hazina, mama mmoja wa likelemba ambaye si ndugu wa yeyote kati yetu, na mimi. Mama ndiye atakayeshika daftari. Jumapili kabla ya mahubiri litasomwa lote, kilichoingia, kilichotoka, anayedai na kiasi gani. Mchungaji amekubali jana usiku. Alikuwa amenyamaza muda mrefu kwenye simu, halafu akasema tuanze na deni la maharagwe.

Mama_wa_Kituku

Shemasi, na makopo? Jumapili ileile?

Shemasi_Ndosho

Mama, makopo ni Jumamosi ya pili, uani kwa kanisa. Waambie wenzako wa Kituku na wa Virunga waje nayo, na mara hii nyundo ninaleta mimi.